Ukuta wa Darasa la Tano

Asubuhi ukuta ulipopasuka, makamu wa mwalimu mkuu alikuwa katika chumba cha walimu akichora ratiba ya vipindi kwa rula. Wanafunzi walimwita Kaimu. Aliikaimu shule ile kwa muda mrefu hata mkewe, fundi cherehani, akamshonea koti la ukuu. Kisha ofisi ya elimu ikamleta mwanamke kutoka shule nyingine awe Mwalimu Mkuu, koti likabaki kabatini, na jina la Kaimu halikubanduka.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Ufa ulianzia chini ya dirisha la Darasa la Tano ukapanda mpaka kwenye paa, na ukuta ukaanza kuinama kuelekea uwanjani. Watoto walikuwa ndani. Mwalimu Mkuu alikuwa akipita barazani na kikombe cha chai. Alikiweka chini, akaweka kiganja cha kushoto ukutani, na ukuta ukasimama.

“Tokeni polepole,” aliwaambia watoto. “Asisukumwe mtu.”

Walipokwisha kutoka, alijaribu kuondoa mkono. Ukuta ukaguna. Akaurudisha.

Kaimu alifika akihema, akakuta mambo yamekwisha. Alijiona kama mtu aliyefika kwenye karamu sufuria zinaoshwa.

Aliitwa fundi mwashi, ambaye mwanawe alisoma hapo. Alishusha timazi lake, akautazama ufa, akautazama mkono.

“Mwalimu, hapo usitoe,” alisema. “Panatakiwa msingi mpya na nguzo. Lakini mkono ukiwepo, ukuta huu hauendi popote.”

Kesho yake masomo yakaendelea. Meza ililetwa barazani, na Mwalimu Mkuu akaiongoza shule kutoka pale, mkono mmoja ukutani, mwingine ukitia saini ruhusa za wagonjwa na kuamua ugomvi wa kalamu. Mpishi wa shule alimlisha uji kwa kijiko. Jioni binti yake alikuja kumchana nywele na kumwekea mto begani. Wazazi ambao hawakuwahi kuonekana kwenye kikao chochote walikuja kumsabahi. Gazeti likampiga picha.

Kaimu ndiye aliyezibua mtaro uliofurika vyooni. Ndiye aliyepanga ndoo chini ya paa la Darasa la Kwanza, na ndiye aliyefundisha hesabu vyumba viwili kwa wakati mmoja, akikimbia huku na huku chaki mkononi. Hakuna aliyemletea hata maji ya kunywa.

“Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji,” alimwambia mkewe.

Mkewe alitoa pini mdomoni. “Baba watoto, mtu amenasa ukutani kama mjusi, nawe unamwonea kijicho?”

“Simwonei kijicho. Nasema tu, mkono hata mimi ninao.”

Siku moja, watoto walipokwisha kwenda nyumbani, alikwenda mwisho wa baraza na kuweka kiganja chake ukutani. Akabonyeza. Akabonyeza kwa mikono yote miwili.

“Mwalimu,” Mwalimu Mkuu alimwambia kwa upole kutoka upande wa pili, “huko hakuna ufa.”

Kaimu alijifuta vumbi kwenye suruali.

Ofisa elimu alikuja mvua ikinyesha. Aliupapasa ukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Shule nyingine zinaanguka,” alisema. “Ninyi mna kiongozi.”

“Saruji italetwa lini?” Mwalimu Mkuu aliuliza.

“Wewe ni mfano kwa wote, Mwalimu,” alijibu ofisa, na akaomba wapige picha. Kaimu ndiye aliyewashikia mwavuli. Picha ilipotoka, palionekana mwavuli na kidole gumba chake.

Kisha Mwalimu Mkuu akafiwa na mama yake. Alimwita Kaimu barazani.

“Nataka nikamzike mama yangu,” alisema. “Utanishikia?”

“Pole sana, Mwalimu,” Kaimu alisema, na alikuwa na huzuni ya kweli, ila moyo wake uliruka na hakuweza kuuzuia.

Aliingiza kiganja chini ya kiganja cha Mwalimu Mkuu, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Ukuta ulimmwagia vumbi kichwani, kisha ukamkubali. Uzito ulimwingia begani, ukashuka mgongoni mpaka kisiginoni. Uliuma kama jino. Alishangaa kwamba mwanamke yule hakuwahi kulalamika, na kwa mara ya kwanza alimhurumia. Huruma hiyo ilidumu mpaka watoto wa Darasa la Kwanza walipopita wakinyata.

“Shikamoo, Mwalimu Mkuu,” walisema.

“Marahaba,” alijibu, wala hakuwasahihisha.

Mwalimu Mkuu alirudi baada ya msiba, macho yamevimba. Njia nzima alikuwa amewaza jinsi atakavyoomba uhamisho, alale chali, mikono yote miwili kifuani. Alipofika akamkuta mpishi anamlisha Kaimu uji, binti yake mwenyewe akimwekea Kaimu mto begani. Kitu kikamchoma.

“Ahsante, Mwalimu. Nipishe sasa.”

“Pumzika kwanza.”

“Nimeshapumzika.”

“Pumzika tena.”

“Hapo ni pangu,” alisema Mwalimu Mkuu.

“Palikuwa pako.”

Basi akaweka kiganja chake kando ya kile cha Kaimu. Wakasimama bega kwa bega, kila mmoja akisukuma kidogo kuliko ilivyohitajika, ili ukuta ujue.

Ofisa elimu alikuja tena. Fundi mwashi alimwambia kwamba bado panatakiwa msingi na nguzo.

“Kuna shule hazina hata mkono mmoja,” alisema ofisa. “Ninyi mna miwili, na bado mnaomba?” Akapanda gari. Saruji ikapelekwa kujenga uzio wa ofisi yake.

Barazani wale wawili hawakusemezana. Mtoto akipita na kuamkia, waliitikia wote kwa pamoja, kila mmoja akijitahidi sauti yake iwe juu. Ndani, Darasa la Tano walikuwa wakisoma kwa sauti. Mara kwa mara kipande cha plasta kilidondoka kwenye kitabu cha mmoja wao. Alikipuliza, akatafuta mstari alioachia, akaendelea.