Siku Baba Alipocheka

Damu ya yule ndege mdogo ilirukia kioo cha dirisha, na baba akacheka.

Jerop aliacha kukoroga uji kikombeni. Tangu kiharusi kimwangushe Mzee Gideon mwezi wa Aprili, nyumba haikuwa imesikia kutoka kwake ila miguno. Binti yake alikuwa ameacha kazi ya ualimu Moiben ili aje kumtunza hapa Eldoret, akamtundikia kibao cha mtama nje ya dirisha, ndege wamliwaze. Kwa majuma mawili walikula kwa amani. Kisha akatokea mmoja mweusi, kifua cheupe, mdomo umejikunja kama ndoana. Huyo hakutaka mtama. Aliwavamia waliokuja kula, akawadonoa visogoni, akawatundika kwenye miiba ya seng'enge.

Leo alikuwa ameua wa nne. Baba alikuwa akiupigapiga mkono wa kiti kwa furaha.

"Unacheka nini, Baba?"

Mzee akaelekeza nje kidole cha ule mkono uliosalia na nguvu, akacheka tena. Kicheko hicho Jerop alikijua. Alikisikia akiwa na miaka tisa, amejificha chini ya meza, siku mama yake alipookota meno yake mwenyewe sakafuni.

Hasira ilimpanda kama maziwa yaliyosahauliwa motoni. Alitoka nje, akaking'oa kibao, akakivunjia gotini. Aliporudi, baba alikuwa amekirusha kikombe ukutani.

"Rusha!" Jerop alisema. "Rusha na sahani. Mama hayuko wa kuokota tena. Alikukosea nini? Alikuja mezani kula tu, kama hao ndege!"

Mzee akanyanyua mkono ule ule kutaka kumpiga. Ukafika usawa wa bega, ukaishiwa nguvu, ukaanguka mapajani. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Jerop hakumwonea huruma. Alichoshangaa ni jinsi alivyoingoja siku hii miaka yote, na jinsi isivyomshibisha. Akakigeuza kiti cha baba kutoka dirishani, akaketi mbele yake, magoti yao yakagusana.

"Je... Jerop," baba alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kiharusi.

"Usiniite."

Akachota kwa kijiko uji uliobaki kwenye sufuria, akaupuliza. Akakiinua kijiko, akakisimamisha kabla hakijafika mdomoni mwa baba. Wote wawili walikikazia macho kikiwa katikati yao, na hakuna aliyejua kama kitafika.