Babu Ndani ya Kioo

Rosenda Xol na wanawake wenzake wa kijiji kimoja cha Wamaya waliitwa mjini kupamba ufunguzi wa makumbusho. Waliambiwa waje na mavazi yao ya kufuma, wasimame mlangoni na kutabasamu. Rosenda alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kumwona Babu.

Babu ni mfu wa kale aliyekaa pangoni, juu ya mashamba yao, meno yake yametiwa vijiwe vya kijani. Kabla ya kupanda mahindi wanakijiji walikuwa wakimpelekea ubani na kakao. Kisha wakaja wachimbuzi, wakaomba kumchukua kwa msimu mmoja, wampime halafu wamrudishe. Mume wa Rosenda, aliyekuwa mlinzi wa pango, ndiye aliyewakubalia. Alikufa watu wakiwa bado wanamuuliza Babu yuko wapi.

Sasa Rosenda alimkuta ndani ya kioo, fuvu tupu juu ya kitambaa cheusi, taa ikimmulika machoni kama mshukiwa. Kibao kilisema: "Mtawala wa Kimaya. Watu waliotoweka."

"Hermelinda, hebu soma nawe, isije ikawa ni macho yangu."

"Umesoma sawa," jirani yake akasema. "Tumetoweka, shoga. Na mimi nimeacha maharage jikoni."

Rosenda hakucheka. Akamfuata mkurugenzi, Daktari Urrutia, aliyekuwa akipokea wageni.

"Bwana Daktari, mlisema msimu mmoja."

"Mama, hapa yuko salama. Dunia nzima itamwona."

"Hakuomba kuonwa. Basi niache nimfukizie ubani."

"Moshi utaharibu vitu. Rudi mlangoni tafadhali, wapiga picha wanakungoja."

"Mama yako amezikwa wapi?"

"Makaburini, hapa hapa mjini. Kwa nini?"

"Tukamfukue. Tumwashie taa, nije kumtazama na wajukuu wangu."

Rosenda akarudi kwa Babu, akavua mtandio wake, akafunika nao kioo, akaketi sakafuni. Wenzake nao wakaacha mlango, wakaja kuketi kando yake. Akaanza kuzungumza na Babu kwa Kikekchi, lugha yao ya Kimaya, akimweleza nani amekufa, nani amejifungua, mvua zilivyokuwa, na jinsi mumewe alivyodanganywa.

Polisi waliwatoa kabla ya hotuba. Kibao kilibadilishwa baadaye. Siku hizi kinasema "Wamaya wa kale". Babu hakurudishwa. Kijiji kikaenda mahakamani, na wakili akamsihi Rosenda azungumze kwa upole mbele ya hakimu.

"Mume wangu alikuwa mpole," akamjibu. "Umeona walivyomfanya."

Kesi bado inasikilizwa. Mwaka huu, kabla ya kupanda, walifukiza ubani katika pango tupu. Wenzake waliomba. Rosenda alijaribu, lakini hasira haikumwacha, akatoka nje akasimama peke yake mpaka walipomaliza.