Tone Lililokaa Kimya

"Zima! Zima kabisa!" Bibi alikuwa ameshafungua mkanda, na ndege yenyewe hata haijasogea.

Shangazi, rubani wetu, akazima. Ule uwanja wa nyasi ukanyamaza: sisi watatu, mbuzi kadhaa, na fundi wa karibu zaidi yuko mjini huko. Miaka yote Bibi alikataa katakata kupanda ndege ya binti yake. Siku hiyo jicho lake bovu ndilo lililomlazimisha. Daktari wa macho alikuwa anaondoka mjini jioni ileile, na kwa barabara tungefika kesho, Mungu akipenda.

"Sikukuzaa uje kuniangusha."

"Ndiyo maana nimejaribu injini tukiwa chini, Mama."

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule, kazi sina, subira sina. Nikasema si turuke tu, mbona inawaka? Shangazi aliniangalia kama nimemtapikia viatu.

Kila silinda ya injini ina plagi mbili za kuwashia mafuta, akanieleza, na kabla ya kuruka unazima plagi za upande mmoja uone upande wa pili unabeba vipi. Wa pili ulikuwa unatetemeka kama mtu mwenye homa. Akawasha tena, akauacha upande ule mbovu uhangaike peke yake kidogo, akazima, akafungua kifuniko cha injini, akadondoshea maji bomba la moshi la kila silinda. Chsss. Chsss. Chsss. Kwenye la nne, tone likakaa tu, linang'aa. Mpaka leo nikimwona mtu anapiga pasi, namkumbuka Shangazi pale, shingo kainyoosha, anasikiliza.

"Kama kupima pasi," Bibi akasema. Alikuwa amesogea bila kujijua.

"Hivyohivyo. Huyu wa nne ndiye hajashika moto."

Plagi ilitoka nyeusi tii. Akaikwangua, akaisugua kwa brashi, akaikaza kwa spana yenye kipimo, bila papara, jua nalo linatukimbia.

"Ikitetemeka tena tunalala hapa," akasema, macho kwenye spana. "Hata kama daktari ataondoka."

Injini haikumtisha hata kidogo. Alikuwa anamwogopa mama yake.

Akawasha. Upande wa kwanza, laini. Wa pili, laini.

Bibi akanisukuma. "Kaa nyuma wewe, bwana turuke-tu." Akapanda mbele.

Huko juu alilamba ncha ya kitambaa chake, akaanza kumfuta Shangazi masizi shavuni.

"Mama, naendesha!"

"Endesha. Nani kakushika mikono?"