Msalaba wa Zamu

Katika jumuiya ile ya sala, msalaba ulikuwa na zamu. Kila Alhamisi ulihama nyumba, na aliyekaa nao ndiye aliyeupeleka kwa jirani anayefuata, kwa mikono yake mwenyewe. Haukutumiwa mtu, wala haukufuatwa. Uliletwa.

Ndiyo maana mshonaji hakuwa ametia uzi kwenye sindano tangu asubuhi. Zamu ilikuwa imemfikia, na msalaba ulikuwa kwa dada yake, mtaa huohuo.

Hawakuwa wamesemezana tangu matanga ya mama yao. Dada mtu aliishi mbali siku zile, akafika mama keshafumba macho, na mbele ya waombolezaji akatamka, "Angetunzwa vizuri tungemkuta." Mshonaji, aliyemlisha mama, akamwogesha na kumgeuza kitandani muda wote wa ugonjwa, alilimeza neno lile likamkwama kooni. Baadaye dada akahamia mtaani, wakawa wanapishana kama wasiozaliwa tumbo moja. Kiburi nacho kina hasara zake: dada alishonesha gauni kwa fundi mwingine, likatoka kola upande. Kila Jumapili mshonaji aliitazama kola ile badala ya altare, vidole vikimuwasha. Alimkumbuka dada yake hadi kuumwa, na huku amekaa benchi la mbele yake.

Alasiri watu wakaanza kuingia kwa mshonaji kusali. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mwenye sauti ya kufufua wafu kabla ya siku yao, akaanzisha wimbo, ukaisha, akaanzisha mwingine. Juu ya meza yenye kitambaa cheupe hapakuwa na kitu.

"Tusali hivihivi tu, mwanangu," mwenyekiti akasema, safari hii taratibu. "Msalaba si tunao moyoni?"

"Moyoni ninao wa kutosha, mama," mshonaji akajibu. "Nautaka ule wa mbao, na aliye nao."

Akatoka. Utaratibu na ujitetee wenyewe.

Alimkuta dada yake ameketi ukingoni mwa kiti, kavaa viatu, kajifunga kitambaa kichwani, msalaba mapajani. Mlango ulikuwa wazi.

"Nimeinuka mara ngapi sijui," dada akasema. "Nikifika kizingitini miguu inakataa. Nilijua utanifungia mlango watu wakiona, na ningestahili."

"Nilikuwa nakungoja wewe, dada. Huo msalaba ningeweza hata kuukosa."

Dada akainamisha kichwa. "Lile neno lilikuwa langu. Mimi ndiye sikumtunza mama. Lilinielemea, nikakutwisha wewe."

Mshonaji akaushika mkono mmoja wa msalaba. Dada hakuuachia mkono wa pili. Ulikuwa mwepesi, mtu mmoja angeubeba kwapani, lakini wakautoa wawili, wakipita mlangoni kiubavuubavu huku machozi yakiwatoka na kicheko kikiwabana.

Walipokaribia kwa mshonaji, nyimbo zikisikika ndani, dada akasimama.

"Mama aliniulizia?"

Jibu lile mshonaji alikuwa amelificha tangu matanga, kwa sababu lilimuuma na yeye.

"Siku za mwisho hakunijua tena," akasema. "Kila nikimgeuza, alikuwa akiniita kwa jina lako. Nami nikawa naitika."