Funga ya Nashon

Nashon, fundi redio wa Kambi Muru, alichukia kitu kimoja kuliko redio iliyonyeshewa: mtu kusema haiwezekani kabla hata skrubu moja haijatolewa. Kwa hiyo mwalimu Daisy alipolitamka neno hilo mlangoni pa kibanda chake, alimsogezea stuli.

"Rudia polepole, mwalimu. Mimi niliachia darasa la tano."

Daisy alifundisha kompyuta katika chumba cha mabati kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Kanisa lilikuwa limempa kompyuta sita za mapajani, kuukuu, na kwa kuwa chumba hakikuwa na stima aliziendesha kwa betri mbili za gari. Mwaka huo wa 1999 zilitumia Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Shida ilikuwa kwamba betri zilikata baada ya saa mbili, na mtihani wa kupiga taipu ulikuwa wa saa tatu. Msimamizi angekuja baada ya majuma matatu. Mashine zikizima katikati, watahiniwa wangengoja mwaka mzima.

Mmoja wao alikuwa Awiti, mkewe Nashon. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, asubuhi, na kila alasiri alitembea hadi Kawangware na kurudi. Ofisi moja ya Ayany ilimwambia kazi ni yake akileta cheti mwaka huo. Haikusema itamngoja.

"Zinakula betri hivyo kwa nini?" Nashon aliuliza.

"Ndani kuna chipu ya kugawa stima. Hii ya diski, hii ya modemu, hii ya CD. Ingeweza kuzima vitu hatutumii, lakini Linux haiijui, kwa hivyo kila kitu kinawaka tu. Niliandikia watu wanaoitengeneza. Mjerumani mmoja akajibu, nielezee hiyo chipu ilivyo, nitaandika programu yake. Sasa nimwelezee nini, fundi? Haina karatasi. Hata namba imekwanguliwa."

"Ina miguu?"

"Iko nayo."

"Basi itaongea. Lete mashine moja."

Jirani yake Khaemba, mshona viatu, alipoona mashine imetandazwa vipande vipande juu ya meza, aliacha sindano ndani ya soli.

"Nashon, hiyo ni mali ya kanisa. Utachomwa huku, halafu uchomwe tena kule mbele."

"Shona kiatu, Khaemba."

Kwa siku nne Nashon aligusa mguu mmoja mmoja kwa ncha ya mita yake ya kupimia stima, akatazama namba, akasikiliza ni kitu gani kimenyamaza na kipi kimeamka. Daisy alikaa kando na daftari, akiyageuza maneno yake kuwa Kiingereza.

"Mguu wa nne ukipata volti tatu, njia ya diski imefungwa. Wa tano vilevile, modemu. Wa saba, CD. Memori lazima ipate stima kwanza, kabla ya diski. Mguu wa sita sijui."

"Si tukisie? Itaonekana hatujui kazi."

"Andika sijui. Hiyo pia ni kazi."

Daisy alituma barua pepe kutoka mjini, na baada ya juma moja akarudi na programu ndani ya disketi. Waliijaribu pale pale kibandani. CD, ambayo hakuna mtu aliyeihitaji, ikaanza kunguruma. Modemu ikapata moto. Diski ikanyamaza, na mashine ikaganda kama ugali wa jana.

Khaemba alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa mmeifundisha kula hata usingizini."

"Huyo Mjerumani amekosea," Daisy alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Zimebaki siku tisa. Fundi, wacha tu. Nitawaambia wanafunzi."

"Utamwambia Awiti wewe? Mimi sitamwambia."

Nashon alichukua mita akapima upya. Wa nne, wa tano, wa saba. Kisha akaiweka chini.

"Mtu akikosea, anakosea kimoja ama viwili. Huyu amepindua vyote. Hakukosea, amenielewa kinyume. Nisomee ulichoandika, neno kwa neno."

Daisy alisoma kwa Kiingereza, akatafsiri. Alipofika kwenye njia iliyofungwa, Nashon aliinua mkono.

"Hapo. Mimi nikifunga redio, inafanya nini?"

"Inazima."

"Na Mjerumani akifunga?"

Daisy aliweka kidole juu ya neno hilo daftarini. Alikuwa amesoma fizikia mpaka kidato cha nne, na mchoro wenyewe ulimjia kama mwalimu wake alivyouchora ubaoni: betri, balbu, swichi. Swichi ikifungwa, waya zinagusana, balbu inawaka.

"Kwao ikifungwa ndiyo stima inapita," alisema polepole. "Ikifunguliwa, inakatika. Fundi, hili kosa ni langu."

"Ni la neno. Litoe. Usiandike funga, usiandike fungua, mahali popote. Andika namba na tulichokiona. Mguu wa nne ukiwa na volti tatu, diski haipati stima, haizunguki. Ukiwa na sifuri, inapata, inazunguka. Kila mguu hivyo."

"Itakuwa ndefu."

"Iwe ndefu."

Waliandika upya asubuhi nzima. Khaemba hakucheka tena. Mchana aliwaletea chai bila kuombwa, akauliza mguu wa sita umesemaje. Bado haukuwa umesema kitu, na Daisy aliandika hivyo.

Programu ya pili ilifika Alhamisi, wakaiweka katika mashine zote sita. Mtihani ulikuwa Jumamosi.

Siku ya mtihani Nashon aliketi nje ya chumba cha mabati, ncha za mita zikiwa kwenye betri. Zikishuka hadi volti kumi na moja, mashine zingekata. Saa ya kwanza alisoma kumi na mbili nukta tatu. Saa ya pili, kumi na moja nukta tisa. Ndani hakusikia CD wala modemu, ila vidole tu, na mara mojamoja diski moja ikiamka, ikimeza kurasa, ikilala tena. Vya Awiti alivitambua: vilipiga kwa nguvu, kama mtu anayegongagonga debe la omena.

Dakika kumi za mwisho mita ilisoma kumi na moja nukta nne. Nashon hakupepesa macho.

"Muda umeisha," msimamizi alisema ndani. "Fungeni mashine."

Nashon alicheka peke yake pale nje. Zote sita zilizimwa, moja baada ya nyingine, na ndipo alipochomoa waya kwenye betri.