Saa Moja ya Dar, Siku Tatu za Makambako

Rehana alikuwa akimtolea mteja fotokopi ya cheti cha ubatizo modemu ilipopiga mluzi, ikakwaruza, kisha ikatulia. Akajua simu imeshika. Alipogeuka, juu ya kiti cha wateja palikuwa na nywele za mwanamume, fupi, zenye mvi mbili tatu. Alimaliza fotokopi, kisha akamwomba mteja asikalie kile kiti.

Ilikuwa Makambako, mwezi wa sita, wakati wa baridi, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa. Kampuni moja ya mizigo jijini Dar es Salaam ilipopata wamiliki wapya ilifuta nauli za likizo na kuingiza laini ya kisasa, na wafanyakazi waliotoka mikoani wakawa wanatumwa makwao wao wenyewe, mwili mzima, kwa waya wa simu. Waya huo uliishia dukani kwa Rehana, maana karibu na stendi hapakuwa na modemu nyingine.

Mdomo ulifika siku ya tatu. Yule mwanamume akasalimia, akajitambulisha kuwa ni Tarsis, mtunza ghala, kwao Uwemba, kule Njombe. Mama yake alikuwa mahututi, naye alikuwa amepewa likizo ya siku saba. Aliambiwa kumtuma kungechukua saa saba tu, na jioni angekuwa nyumbani.

Rehana akavuta kikokotoo.

"Kaka Tarsis, laini yao inapitisha biti milioni mbili kwa sekunde," akasema. "Modemu yangu inapokea elfu ishirini na nane na mia nane. Saa moja ya kwao ni karibu siku tatu za hapa. Utakamilika baada ya wiki tatu, umeme usipokatika."

Tarsis aliuliza kama angeweza kwenda hivyohivyo, kichwa tu, kwa kuwa mama alitaka kumwona uso. Rehana akamweleza kwamba laini ikikatwa kabla hajamalizika, kila kitu kingeanza upya kwenye nywele. Basi akakubali kungoja. Mustapha, mume wa Rehana, alishusha betri ya lori lake akaiunganisha na mashine, umeme ukienda zake modemu isizime. Rehana alimnywesha Tarsis chai kwa kijiko, kidogokidogo, kwa kuwa tumbo lilikuwa bado njiani. Mabega yalipofika alimfunika shuka, maana upepo wa Makambako hauna huruma.

Simu ilikuwa imeshikwa na Tarsis mwenyewe, kwa hiyo habari zilipelekwa Uwemba kwa mdomo wa kondakta wa basi. Ema, dada yake Tarsis, akaomba pikapu ya misheni na kumleta mama yao, Germana, akiwa amelazwa kwenye godoro. Walimwingiza dukani wakamketisha mbele ya mwanawe.

"Kamwene, mwanangu," Germana akamsalimu kwa Kibena. "Nishike mkono."

"Mikono haijafika, Mama."

"Basi nitakushika mimi."

Akaweka kiganja chake shavuni mwa Tarsis. Alikaa hivyo mpaka dereva alipokuja kusema kwamba ukungu unashuka na barabara haitaonekana. Tarsis alitaka kumfuta mama yake machozi, akawa anainua mabega tu. Ema akawafuta wote wawili kwa khanga yake.

Germana alifariki viwiko vya Tarsis vilipokuwa vinaingia. Ema alipanda basi akaja kumpa Tarsis habari mwenyewe, kisha akawahi kurudi msibani. Viganja vilifika siku ya mazishi, saa ambayo Uwemba watu walikuwa wakishindilia udongo. Tarsis aliviangalia pande zote mbili. Akaomba maji, akanawa, kama wanavyonawa watu watokao makaburini. Rehana akamshikia beseni.

Magoti yalipokuwa bado kwenye waya, ujumbe wa kampuni uliyapita njiani. Ulikuwa na maneno machache, kwa hiyo ulifika mara moja: Tarsis amepitiliza likizo, ameachishwa kazi. Rehana akajibu kwa niaba yake, akaeleza habari za modemu na hesabu yake. Kampuni ikarudisha jibu fupi kwamba kwa mujibu wa mtambo wao, mfanyakazi huyo alitumwa na kufika siku ileile.

Nyayo zilipokamilika, Tarsis aliinuka, akapiga hatua mbili kujaribu, akalikunja shuka na kulirudisha. Alimshukuru Rehana na mumewe, akaenda stendi kutafuta gari la Njombe. Huko alilima shamba la mama yake, akang'oa magugu ya kaburini kila yalipoota.

Rehana alikifuta kile kiti. Kabla hajamaliza, modemu ikapiga mluzi, zikatokea nywele za mwanamke, zimesukwa vizuri kama za mtu anayekwenda kwenye harusi. Rehana akaleta shuka, akaliweka karibu, kisha akamwita Mustapha ashushe betri.