Karatasi ya Kaboni Iliyogeuzwa

Kila Alhamisi asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, msimamizi wa kanzidata ya zahanati alimwekea mama yake mezani karatasi mbili na kalamu nyekundu. Karatasi hizo zilikuwa jarida lake, Safu na Mistari, ambalo adhuhuri ya siku hiyo hiyo lingetumwa kwa wasimamizi wenzake mia nne, watu wanaolea kanzidata za programu huria na ambao hakuna anayewakumbuka mpaka kitu kiharibike. Mama hakujua kompyuta wala hakutaka kuijua. Lakini alikuwa karani wa masjala katika zahanati hiyo hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, na kosa la uandishi alilinusa hata likijificha.

Toleo la wiki hiyo lilikuwa limeshiba. Kulikuwa na habari ya viraka vipya vya usalama, na onyo kwa wale wanaorundika faharasa kwenye kila jedwali kisha wanashangaa kwa nini kuandika kumekuwa kuzito. Kulikuwa na ushauri wa kufungua muamala kabla ya kufuta chochote, uhesabu kwanza mistari iliyoguswa, na ukiona idadi inatisha urudi nyuma kimyakimya kana kwamba hukuwepo. Na mwishoni kulikuwa na wimbo wake wa kila wiki: nakala ya akiba isiyowahi kurejeshwa usiiite nakala. Kwa wimbo huo wasomaji walimbandika jina la Bi Nakala. Naye, tuseme ukweli, jina lilimkaa vizuri na alilivaa kwa maringo.

Mama alirekebisha neno moja, akahamisha koma mbili, kisha akaiweka kalamu chini. Akasema hii habari ya kurejesha nakala imeandikwa vizuri sana, kisha akauliza yeye mwandishi mara ya mwisho alirejesha lini.

Binti alicheka. Akaeleza kwamba kila alfajiri nakala hujipiga yenyewe, na akiamka hukuta ujumbe kwenye simu unaosema kazi imekamilika. Mama alipuliza chai yake.

"Mwaka wangu wa pili kazini," alisema, "niliandika daftari la kliniki la mwezi mzima nimegeuza karatasi ya kaboni. Juu maandishi yanapendeza, chini karatasi nyeupe pe. Na kila jioni nilikuwa natia sahihi kwamba nakala ipo. Mwanangu, mimi sikuwa mjinga. Nilikuwa sifunui tu."

Hadithi hiyo binti hakuwahi kuisikia hata siku moja. Mama aliyemkuza kwa fimbo ya usahihi, kumbe naye alikuwa na mwezi mzima wa karatasi nyeupe. Alitaka kumtania, lakini akakumbuka kwamba siku hiyo haikuwa siku ya kawaida.

Siku hiyo saa nne, fundi wa mitambo aliyeitwa Bisibisi alipaswa kuizima seva ya zahanati, kung'oa diski zake zilizozeeka, kuzifuta kabisa kama taratibu zinavyotaka, na kuweka mpya. Baada ya hapo Bi Nakala angerejesha kila kitu kutoka kwenye nakala. Kila kitu maana yake ni daftari la chanjo la watoto wote wa mtaa ule kwa miaka kumi na tisa. Fomu ya kuthibitisha kwamba nakala zipo alikuwa ameitia sahihi jana yake, tena kwa mkia mrefu wa kujiamini.

Akajipa moyo njia nzima. Akajiambia mama anazeeka, anaona kaboni kila mahali. Hata hivyo miguu ilikuwa inakwenda haraka kuliko maneno hayo, na alipofika zahanati saa tatu na nusu alipita foleni ya wazazi na watoto bila kumsalimu mtu. Dirishani alimsikia baba mmoja mwenye mapacha akimweleza muuguzi kwamba kadi za chanjo zilifuliwa ndani ya mfuko wa suruali na zimekuwa uji. Muuguzi alimjibu asihofu, mashine inakumbuka kila sindano, ikimaliza kutengenezwa mchana atachapishiwa nyingine.

Nakala zilikuwa zinakaa kwenye kompyuta ndogo ya pembeni, chumbani kwake. Akaiwasha, akafungua folda. Mafaili kumi na manne yalikuwa yamejipanga kwa tarehe, moja kwa kila siku, majina yake safi kabisa. Kisha akaangalia safu ya upande wa kulia, ile ya ukubwa, ambayo kila wiki aliwasihi watu mia nne waiangalie. Sifuri. Ya pili sifuri. Akashuka mpaka ya mwisho kwa kidole, sifuri tupu.

Alielewa yote kwa mara moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwezi uliopita alikuwa ameipandisha kanzidata hadi toleo jipya, lakini kifaa cha kupigia nakala, ile programu iliyo kwenye hii kompyuta ndogo, kilibaki cha toleo la zamani, na kifaa cha zamani hakikubali kunakili kanzidata iliyo mpya kukizidi. Kila alfajiri faili lilikuwa linafunguliwa, kifaa kinagoma, faili linabaki tupu. Ule ujumbe wa kazi imekamilika ulikuwa unatoka kwenye hatua ya mwisho, ya kufuta mafaili yaliyopitisha siku kumi na nne, na hatua hiyo ilichapa kazi bila kasoro. Ilikuwa imezifuta nakala zote nzima zilizokuwepo. Na onyo kuhusu jambo hilo hilo alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, kwenye jarida la mwezi uliopita, kwa herufi nzito.

Ndipo alipoushtukia ukimya. Kila siku, kupitia ukuta, alizoea kusikia feni za seva zikivuma. Sasa hazikuwa zinavuma.

Bisibisi, ambaye hajawahi kuwahi hata kwenye harusi yake mwenyewe, siku hiyo alikuwa amewahi. Bi Nakala alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, akaingia chumba cha seva roho mkononi. Seva ilikuwa imezimwa na kufunuliwa kifuniko. Diski mpya zilikuwa mezani, kifaa cha kufutia kilikuwa kimeshawashwa kinasubiri, na Bisibisi alikuwa amepiga magoti jasho linamtiririka, akiitukana skrubu.

Alimweleza kwa uchungu kwamba tangu saa tatu anahangaika nayo. Tatu zimetoka, hii ya nne imelika kichwa, imekataa bisibisi zote sita alizo nazo. Akaomba radhi kwa kumchelewesha.

Bi Nakala aliketi sakafuni palepale. Alianza kwa kucheka, akamalizia kwa kulia kidogo, halafu akacheka tena.

"Fundi, iache hiyo skrubu," alisema. "Nimeidanganya fomu. Sina nakala hata moja."

Bisibisi alimtazama, akaitazama skrubu, kisha polepole akaondoa mkono kama mtu aliyegundua ameshika chungu cha moto. Aliirudishia seva umeme, na feni zilipoanza kuvuma wote wawili walikaa wakisikiliza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya saa tatu, na Bi Nakala aliifanya kwa adabu zote. Alipakua kifaa cha toleo jipya, akapiga nakala, akaangalia ukubwa, na safari hii hakuishia hapo. Aliirejesha kwenye kompyuta ndogo, akahesabu mistari huku na huku. Watoto elfu sitini na moja mia nne na wanane upande huu, elfu sitini na moja mia nne na wanane upande ule. Bado hakuridhika. Akawatafuta mapacha wa yule baba, akawakuta na sindano zao zote kwa tarehe, akamchapishia kadi mbili na kumpelekea dirishani mwenyewe, amevaa kiatu kimoja. Baadaye Bisibisi aliitoboa ile skrubu kwa drili, akaweka diski mpya, na kipande cha skrubu kilichobaki Bi Nakala alimwomba akiache juu ya meza yake.

Jarida halikutoka adhuhuri hiyo. Jioni aliliandika upya, akamwekea mama karatasi na kalamu nyekundu. Lilianza hivi: kuna msimamizi mmoja, rafiki yangu, ambaye wiki hii alikuta mafaili kumi na manne matupu. Mama alisoma mstari huo, akaupiga mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi "ambaye", na juu yake akaandika neno moja: "mimi", na "alikuta" akaigeuza "nilikuta". Kisha akaendelea na koma.

Binti aliona aibu, aliona pia kwamba hana pa kukimbilia. Ijumaa asubuhi akalituma lilivyo.

Jibu la kwanza lilifika kabla ya saa sita, na lilitoka kwa Nukta. Huyu alikuwa msomaji aliyelifuata jarida kwa miaka sita na ambaye hajawahi kuandika ila kukosoa, na ndiye aliyeogopwa kuliko wote. Bi Nakala alimpelekea mama simu bila kufungua ujumbe, akamwomba amsomee.

"'Nimekwenda kuangalia,'" mama alisoma. "'Mafaili yangu pia ni matupu, tangu mwezi wa tatu. Sasa nina nakala, na nimeirejesha. Asante. Aya ya pili imekosa koma.'"

Mama alivuta karatasi ya jarida, akaikagua aya ya pili kwa kidole, na uso ukamkunjamana, maana koma kweli haikuwepo.

"Huyu anatunza nini?" aliuliza.

Binti alimwambia ni daftari la wachangia damu, watu laki mbili na ushee.

Mama aliifunika kalamu nyekundu kifuniko chake.

"Basi," alisema, "hiyo koma tumwachie."